Karama ya Kusimulia: Ushauri kwa Waamini Wanaotamani Kuandika Hadithi na Riwaya



Katika ofisi yetu ya mawasiliano kuna kabati la mbao ambalo droo yake ya chini imejaa madaftari. Mengine yameshonwa pamoja kwa uzi, mengine yamefungwa kwa karatasi za kaki, na machache yamechapwa kwa kompyuta. Yameletwa na vijana wa VIWAWA, walimu wa sekondari, akina mama wa WAWATA na katekista mmoja mstaafu aliyeandika riwaya nzima kwa kalamu ya wino wa kijani. Karibu kila daftari limeambatana na ombi lilelile: tulisome, kisha tumwambie mwenyewe kama anaweza kuwa mwandishi.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukimjibu kila mmoja peke yake, na mara nyingi tumechelewa. Tumeona vema sasa kuyakusanya pamoja mambo ambayo tumeyarudia mara kwa mara, ili yamfae na yule ambaye daftari lake bado liko chini ya godoro, hajathubutu kumwonesha mtu. Hatuandiki kama mabingwa. Tunaandika kama wasomaji waliosoma hadithi nyingi za waamini wenzao, wakafurahi, wakahuzunika, na mara moja, kama tutakavyoeleza, wakakosea vibaya.

Hadithi ni njia ya zamani ya kuutafuta ukweli

Baadhi ya wazazi hutuuliza kama si kupoteza wakati kijana kukesha akitunga mambo ambayo hayakutokea. Jibu letu la kwanza huwa katika Maandiko Matakatifu. Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani, nabii Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja wa pekee. Daudi alighadhibika na kumhukumu tajiri huyo kabla hajatambua kwamba amejihukumu mwenyewe. Karipio la moja kwa moja lingemkuta mfalme amekwisha kujikinga. Hadithi ilimkuta mlango uko wazi.

Bwana wetu Yesu Kristo naye aliwafundisha watu kwa mifano. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 15, tunasoma habari ya baba mwenye wana wawili. Wengi wetu tunaikumbuka kwa ajili ya mwana mdogo aliyerudi, lakini mtu anayetamani kuandika na auangalie mwisho wake. Kaka mkubwa amesimama nje, baba ametoka kumsihi, na hapo hadithi inakoma. Hatuambiwi kama aliingia karamuni. Msikilizaji ameachiwa kuamua, maana huenda yeye ndiye huyo kaka.

Mama Kanisa amelitambua jambo hili hata katika siku zetu. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye kabla ya kuwa Papa alikuwa ametunga mashairi na michezo ya kuigiza, aliwaandikia wasanii barua maalumu tarehe 4 Aprili 1999, siku ya Pasaka. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye alitoa barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, aliyoitia sahihi tarehe 17 Julai 2024. Alijua alichokisema: akiwa Mjesuiti kijana, katika miaka ya 1964 na 1965, alifundisha fasihi katika shule ya shirika lake huko Santa Fe, Argentina. Alitamani usomaji wa riwaya na mashairi upewe uzito katika malezi ya mapadre, na vilevile katika malezi ya kila Mkristo, kwa sababu anayesoma hujizoeza kuisikia sauti ya mtu mwingine.

Kusoma kwanza, na kusoma kama fundi

Ushauri wetu wa kwanza hauwafurahishi wengi: acha kuandika kwa mwezi mmoja, usome. Tumepokea riwaya kutoka kwa watu wanaokiri kwamba tangu walipomaliza shule hawajawahi kufungua riwaya ya Kiswahili. Seremala asiyewahi kuketi juu ya kiti kizuri atakitengenezaje?

Hazina yetu ni kubwa. Waanze na Shaaban Robert, ambaye Kusadikika yake inaonesha jinsi nchi ya kufikirika inavyoweza kusema ukweli kuhusu nchi halisi. Wamsome Mohamed Suleiman Mohamed katika Kiu na Nyota ya Rehema, Said Ahmed Mohamed katika Asali Chungu na Utengano, Adam Shafi katika Kuli na Vuta N'kuvute, Zainab Burhani katika Mali ya Maskini, na Ken Walibora katika Siku Njema. Wamsome Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepata sehemu ya elimu yake katika Seminari ya Nyegezi, na ambaye tutamrudia hapa chini.

Lakini isiwe kusoma kwa kufuata tu nini kitatokea. Ukimaliza kitabu kilichokugusa, rudi kwenye ukurasa wa kwanza ujiulize maswali ya fundi. Mwandishi alianzia wapi, na kwa nini hakuanza mapema zaidi? Nani anasimulia, na mambo gani hawezi kuyajua? Ni katika ukurasa gani ulianza kumpenda au kumwogopa mhusika, na ni tendo gani lililokufanya uhisi hivyo? Nakili kwa mkono aya mbili au tatu katika daftari lako la mazoezi, si ili uzifanye zako, bali ili mkono wako uhisi urefu wa sentensi na mahali pa kupumua. Tumeona maandishi ya kijana mmoja yakibadilika ndani ya miezi mitatu kwa zoezi hili peke yake.

Hadithi si mahubiri yaliyovikwa majina

Hapa tunafika kwenye kasoro iliyo kubwa kuliko zote katika madaftari yetu. Waandishi wetu wengi ni watu wema, na kwa wema wao wanaogopa. Wanaogopa kwamba msomaji hatalielewa funzo, kwa hiyo wanalitaja mwanzoni, wanalirudia katikati na kulikazia mwishoni. Mlevi hugongwa na basi. Msichana mpenda anasa huambukizwa maradhi. Mwema hupata kazi nzuri na harusi ya kanisani. Msomaji akifika ukurasa wa tatu amekwisha kujua kila kitu, na kilicho kibaya zaidi, amekwisha kujua kwamba habari hiyo haimhusu yeye, maana yeye si mlevi wa namna ile wala mwema wa namna ile.

Tutoe mfano tulioutunga wenyewe. Mwandishi anayeogopa ataandika hivi:

"Sixbert alikuwa mlevi kupindukia. Ulevi ni dhambi inayobomoa familia. Mke wake aliteseka sana na watoto walikosa ada ya shule."

Yote ni kweli, lakini hatujaona chochote. Sasa tujaribu tena:

"Sixbert aliporudi, taa ilikuwa imekwisha kuzimwa. Alipapasa ukuta mpaka akaifikia meza. Sahani yake ilikuwa pale, imefunikwa kwa sahani nyingine, kama kila siku. Akaifunua. Ndani hamkuwa na ugali. Mlikuwa na barua ya shule ya Anna iliyokunjwa mara nne, na juu yake kiberiti, ili aweze kuisoma."

Katika maelezo haya ya pili neno dhambi halimo, wala neno ulevi halimo. Hata hivyo tunajua kwamba mtu huyu huchelewa kila siku, kwamba chakula kimekwisha, kwamba mtoto ana shida shuleni, na zaidi ya yote tunamwona mke ambaye hayumo chumbani. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikunja barua, akaifunika kwa uangalifu, akakumbuka kuacha kiberiti. Mwanamke huyo amekuwa mtu, si mfano wa mateso. Na msomaji, aliyeachiwa kazi ya kuhukumu, ataifanya vizuri kuliko sisi.

Je, inaruhusiwa kuandika juu ya dhambi?

Swali hili tunaulizwa hata kwa kunong'onezwa. Mwandishi Mkatoliki anaweza kumweka katika hadithi yake padre aliyeanguka, mke aliyesaliti, kijana aliyeiba? Tunajibu kwamba hadithi isiyo na dhambi ndani yake haina pia mahali pa neema kuingilia. Ukiviondoa katika Biblia vitendo vyote vya aibu, hutabakiwa na kurasa nyingi.

Tuna mashahidi. Flannery O'Connor, Mkatoliki wa Georgia huko Marekani, alizaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39 tu, baada ya kuugua kwa miaka mingi ugonjwa uleule uliokuwa umemuua baba yake. Aliishi na mama yake shambani, akafuga tausi, akaandika riwaya mbili na hadithi fupi zilizojaa walaghai, wauaji na mabibi wenye kiburi cha kidini. Wasomaji wengi walishangaa jinsi mwanamke aliyependa kuhudhuria Misa kila alipoweza alivyoweza kuandika mambo makali kiasi kile. Lakini katika hadithi zake neema huwajia watu haohao, nayo huwajia kwa namna wasiyoitarajia na wasiyoipenda.

Graham Greene wa Uingereza, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926, alichapisha mwaka 1940 riwaya iitwayo The Power and the Glory. Mhusika wake mkuu ni padre mlevi aliyezaa mtoto, anayewindwa na serikali ya Mexico wakati wa mateso ya Kanisa, na ambaye hata hivyo anaendelea kuwapelekea watu sakramenti. Wakuu fulani wa Kanisa huko Roma waliikosoa riwaya hiyo. Greene mwenyewe alisimulia kwamba baadaye Papa Paulo VI alimwambia asijali sana, maana vitabu vyake havingekosa kuwakwaza baadhi ya Wakatoliki.

Na hapa kwetu Kezilahabi, katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, alimpa msichana wa Ukerewe jina la Rosa Mistika, ambalo ni jina la heshima la Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Kisha akasimulia jinsi malezi ya ukali na hofu yalivyomwacha binti huyo bila silaha alipokutana na dunia. Kitabu kilizuiwa kwa muda kutumika shuleni. Leo kinasomwa kama mojawapo ya nguzo za riwaya ya Kiswahili, na mzazi akikisoma hawezi kukwepa kujiuliza namna anavyomlea binti yake.

Hatusemi kwamba lolote linafaa. Kuna uandishi unaoionesha dhambi ili ieleweke, na kuna uandishi unaoikokota ili iuzwe. Kipimo tunachokitumia ni hiki: je, mhusika anayetenda dhambi bado ni mtu mbele ya macho ya mwandishi, mwenye hofu na matumaini, au amekuwa kitu cha kutazamwa tu? Mwandishi akimdharau mhusika wake, au akimtumia kwa tamaa ya msomaji, hapo tumepotea, hata kama sura ya mwisho imejaa toba.

Mhusika anayetaka kitu, na tukio linalozaa jingine

Tugeukie ufundi wenyewe. Hadithi huanza kuwa hai pale mtu anapotaka kitu na kuna jambo linalomzuia. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Mzee anayetaka kuzikwa kando ya mke wake, mtoto anayetaka viatu kabla ya Komunyo ya Kwanza, mwalimu anayetaka kuombwa radhi: kila mmoja wao anatosha. Kabla hujaandika sura ya kwanza, jaza sentensi hii: "Mhusika wangu anataka kitu fulani, lakini…" Ukishindwa kuijaza, bado huna hadithi, una mada.

Kisha yatazame matukio yako. Katika madaftari mengi matukio yameunganishwa kwa neno "halafu": alikwenda mjini, halafu akapata rafiki, halafu akaugua, halafu akarudi. Jaribu kuyaunganisha kwa "kwa hiyo" na "lakini". Tuseme mweka hazina wa kigango anatunza michango ya mabati ya kanisa. Usiku mmoja mwanawe anaugua, kwa hiyo anachukua sehemu ya fedha akikusudia kuirejesha baada ya mavuno. Lakini mvua inakatika mapema, mahindi yanakauka. Kwa hiyo kikao kinapokaribia anajenga hoja kwamba ujenzi uahirishwe, na kwa kuwa anaheshimiwa, wanamkubalia. Lakini bibi mmoja aliyeuza kuku wake wote ili achangie anasimama mwishoni na kuuliza kwa upole kama anaweza kuyaona mabati yaliyokwisha kununuliwa.

Hapo hatuhitaji basi la kumgonga mtu. Kila hatua imezaliwa na ile iliyoitangulia, na mtu mwema amefika mahali ambapo hakuwahi kudhani atafika. Msomaji anafungua ukurasa unaofuata kwa sababu anaogopa kwa niaba yake.

Lugha: kila kinywa na sauti yake

Kiswahili chetu ni kitamu, na kwa utamu huo kinaweza kutulevya. Waandishi wengi hudhani kwamba fasihi ni kuandika kwa maneno mazito. Jua kwao halichomozi bila "kuangaza miale yake ya dhahabu", na kila aya hufungwa kwa methali. Methali ni kama chumvi. Mwekee mhusika mmoja anayependa methali, na wengine waachie wazungumze kama wanavyozungumza sokoni, shambani na kwenye daladala.

Msimulizi na atumie Kiswahili sanifu kilichotulia. Wahusika, kila mmoja na atoke na kinywa chake. Bibi wa kijijini hasemi kama karani wa halmashauri. Kijana hamwiti baba mkubwa kwa jina, wala haanzi shida yake kabla ya kumwamkia "Shikamoo". Na namna mkubwa anavyoitikia, kwa furaha, kwa uvivu au kwa kukaa kimya, inaweza kusimulia ugomvi wa miaka kumi. Zoezi jepesi: funika majina ya wasemaji katika mazungumzo uliyoyaandika. Kama huwezi kutambua nani anasema, bado wote wanasema kwa sauti yako.

Vitu navyo viitwe kwa majina yake. Usiandike "ndege aliimba mtini" ikiwa unajua ni kwale au njiwa, na mti ni mwembe au mkuyu. Jina moja la kweli hufanya kazi kuliko sifa tatu.

Siri za jirani si malighafi ya bure

Hapa tunakiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulichapisha katika jarida letu hadithi fupi nzuri kuhusu binti ambaye ndoa yake ilivunjika siku chache kabla ya kufungwa. Mwandishi alibadili majina na kijiji. Hatukumwuliza zaidi. Wiki mbili baadaye aliingia ofisini bibi mmoja akiwa na nakala iliyokunjwa ndani ya kanga. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi. Hakupaza sauti. Aliifungua nakala ile mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema: "Wanangu, hata rangi ya baiskeli mlishindwa kuibadili?"

Binti wa kwenye hadithi alikuwa mjukuu wake. Kila mtu katika jumuiya yao alikuwa amekwisha kuisoma. Tulimwomba radhi, na mwandishi naye alikwenda kuomba radhi nyumbani kwao, lakini nakala zilizokwisha kusambaa hazikurudi. Binti yule alihamia parokia nyingine.

Tangu siku hiyo tumejiwekea taratibu, nasi tunamshauri kila mwandishi azifuate. Kwanza, jambo uliloambiwa kwa siri, iwe katika jumuiya, hospitalini, katika ushauri wa ndoa au jikoni kwa dada yako, si lako. Padre anafungwa zaidi: Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 983 na ya 984, inalinda siri ya kitubio bila kuacha mwanya, na inakataza kabisa kuitumia elimu iliyopatikana humo kwa namna yoyote inayomdhuru anayetubu. Lakini hata sisi walei tunafungwa na upendo. Pili, chukua maumivu, uache tukio. Kama kilichokugusa ni aibu ya kuachwa, itungie aibu hiyo mtu mwingine, umri mwingine, mahali pengine na sababu nyingine. Utagundua kwamba hadithi imekuwa bora, kwa maana sasa unalazimika kuielewa, si kuinakili tu. Tatu, jiulize: mhusika halisi akiisoma, je, atajiona amefahamika au ameanikwa? Kama jibu ni la pili, iache hadithi hiyo ikae.

Maneno machache kila siku

Wengi hungoja wakati mzuri: likizo, kompyuta mpya, nyumba tulivu. Wakati huo hauji. O'Connor aliyekuwa mgonjwa aliandika kila asubuhi kwa saa chache ambazo mwili wake ulimruhusu. Greene kwa miaka mingi alijiwekea kiasi cha maneno 500 kwa siku, akiyafikia anaacha. Tufanye hesabu ndogo. Mama mwenye watoto wanne akiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, atakuwa na maneno 1,500 kila wiki. Katika wiki 40 atakuwa na maneno 60,000, nayo yanatosha riwaya. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa mkono.

Chagua saa moja ambayo nyumba inaifahamu na kuiheshimu. Usiache kuandika pale ulipokwama. Acha pale unapojua kitakachofuata, ili kesho uanze bila woga. Na usirudi kusahihisha sura ya kwanza kabla hujamaliza ya mwisho. Katika droo yetu zimo sura za kwanza zilizong'arishwa mara kumi, ambazo hazikupata kamwe sura ya pili.

Kusahihisha ni tendo la unyenyekevu

Ukimaliza, iweke kazi pembeni kwa mwezi mzima. Kisha isome kwa sauti. Sikio litakamata sentensi iliyovimba ambayo jicho liliisamehe. Futa aya unayoipenda kwa sababu tu inakuonesha una maneno mengi. Chunguza kama hadithi haianzii kweli kwenye ukurasa wa nne. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kurasa tatu za kwanza zilikuwa ngazi yako wewe, si ya msomaji.

Mpe mtu mmoja asiyekuogopa aisome. Usimwulize kama imempendeza, maana atakuonea haya. Mwulize alichoka wapi, alichanganyikiwa wapi, na alitamani nini kitokee. Akisema, usijitetee, andika. Na usikate tamaa kwa muda unaopita. J. R. R. Tolkien, Mkatoliki mwingine wa Uingereza, alianza The Lord of the Rings mwishoni mwa mwaka 1937, na vitabu vyake vikatoka miaka ya 1954 na 1955. Katikati alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na baba wa watoto wanne.

Kufikia wasomaji

Hatimaye, uchapishaji. Mashindano yamewafungulia wengi njia tangu zamani: Muhammed Said Abdulla aliupata ushindi wa kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, akatupatia mpelelezi Bwana Msa. Leo kuna Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hapa Tanzania kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Masharti hubadilika, hivyo yasome yale ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Tunza nakala mbili za kazi yako mahali tofauti. Usitie sahihi mkataba ambao hujausoma wote mchana, ukiwa na mtu anayeelewa. Ukiombwa fedha ili kitabu kitoke, fahamu kwamba hapo wewe ndiye unayegharimia uchapaji, na uulize vitabu vitahifadhiwa wapi na vitauzwa na nani. Tumemwona mwalimu mmoja akiuza ng'ombe wawili, kisha akabaki na maboksi ya vitabu chini ya kitanda.

Wengine hutuuliza kama riwaya inahitaji idhini ya Askofu. Kanuni ya 827 ya Sheria ya Kanisa inadai idhini kwa katekisimu na maandiko mengine ya mafundisho ya katekesi, pamoja na vitabu vya kiada vinavyohusu Maandiko Matakatifu, teolojia na masomo ya namna hiyo. Riwaya haimo katika orodha hiyo. Mwandishi anabaki na dhamiri yake, ambayo anapaswa kuilea, na wasomaji wake, ambao anapaswa kuwaheshimu.

Kwa yule aliyetuuliza kama anaweza kuwa mwandishi, basi, jibu letu ni fupi. Hatujui, na hata wewe hutajua kabla hujamaliza. Jioni hii, baada ya sala ya familia, chukua ukurasa mmoja. Mwandike mtu mmoja anayetaka kitu kimoja, katika chumba unachokifahamu, na usituambie kama yeye ni mwema au mbaya. Ukimaliza, tuletee. Droo bado ina nafasi, na mwaka huu tumejiwekea ahadi ya kusoma kila daftari kabla ya Majilio.

Mungu aliyetujalia neno awabariki ninyi nyote mnaolitafuta.